Kitabu Kilichonuka Kafuri

Tulimzika Zakaria Gakunju Ijumaa iliyopita huko Mweiga, pembeni mwa shamba lake la viazi, na tangu siku hiyo nina kinyaa kooni ambacho chai ya tangawizi imeshindwa kukiondoa. Nasema tulimzika kwa sababu nami nilikuwepo, kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, mtandio mweupe kichwani, ajuza wa Kiislamu peke yangu katikati ya akina mama wa kanisa. Waliniweka mbele kwa heshima. Kwenye ratiba iliyochapishwa, yenye picha yake ya ujana akiwa na tai na kalamu, waliandika kwamba Bi Zena, aliyekuwa mtaipu wa marehemu, atasema machache. Kabla yangu wakasema wengine, tena si machache. Mheshimiwa mmoja alimwita baba wa hadithi za upelelezi katika nchi hii. Mwalimu mkuu mstaafu akasema Gakunju ndiye aliyewafundisha watu wa mlimani Kiswahili safi, na hapo nikakohoa mpaka jirani yangu akanipa maji. Kiswahili safi! Mtu aliyekuwa akiniambia "kitabu yangu iko na shida" kila asubuhi ya Mungu!

Hayo ningeyavumilia. Mazishini watu husifu, ndiyo desturi, na uongo wa siku hiyo hakuna anayeuweka moyoni. Kilichonichafua roho ni msichana wa sekondari aliyesimamishwa na sare yake, akapewa kipaza sauti, akasoma kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama walivyomfundisha, ukurasa waliosema ni bora kuliko kurasa zote alizowahi kuandika marehemu. Niliujua kwa sentensi ya kwanza. Ni ule wa wanawake watatu wanaomwosha mwenzao aliyekufa: maji ya uvuguvugu, majani ya mkunazi, harufu ya kafuri, na lile shuka linaloteleza. Mtoto wa watu alisoma vizuri, simlaumu. Watu wakapiga makofi. Makofi, mbele ya jeneza! Mimi nilikuwa nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili, mate yamenijaa mdomoni, natafuta mahali pa kutema. Ndipo emsii aliyekuwa akiongoza shughuli, kijana mchangamfu mwenye koti la kung'aa, akaniletea kipaza sauti mpaka kitini, akainama akasema kwa upole, kama kwa bibi yake, "Haya shosho, wewe ndiye ulikaa na yeye karibu. Hebu tuambie, mzee alikuwaje?"

Swali hilo la "alikuwaje" nimelisikia tangu utotoni, na halikuwa la waandishi. Shangazi yangu Rukia, niliyekuwa nikiishi naye pale Majengo mjini Nyeri, ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa Kiislamu. Mwanamke akifariki, hata kama ni Karatina, aliitwa yeye. Alikuwa na birika lake, kata yake na kanga zake za kazi hiyo, vitu ambavyo havikuguswa kwa shughuli nyingine. Akishamaliza alitoka uani akiwa amelowa mpaka viwikoni, na wanawake waliokaa kwenye mikeka wakimsubiri walimuuliza, "Alikuwaje?" Jibu lake lilikuwa moja: "Safi." Kikongwe aliyelala na vidonda miezi mingi, safi. Mlevi aliyeokotwa mtaroni mchana kweupe, safi. Wengine walijaribu kumchokonoa, ati uso ulikuwa na nuru au vipi, naye angesema safi tena na kuomba chai. Nilipoanza kumsaidia kumimina maji aliniambia neno moja tu, wala hakulirudia: "Maiti hana mkono wa kujifunika, Zena. Mkono wake ni ulimi wako."

Basi mwaka ninaousema ulikuwa katika ile miaka ya sabini, nami nina miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha taipu na kucha zangu nimezikata vizuri, nikasikia kwamba Gakunju mwenyewe anatafuta mtaipu. Karibu nizimie. Nani wakati ule hakumjua Gakunju? Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeandikia hadithi nyuma ya madaftari ya wanafunzi, na kufikia mwaka huo alikuwa ametoa vitabu sita vya Inspekta Ngata, yule askari ambaye hakimbii hata siku moja, anayekunywa uji kwenye kibuyu huku wenzake wakihangaika, halafu anatazama viatu vya watu na kumjua muuaji. Nilikuwa nimevisoma vyote sita shuleni, chini ya dawati, na nilipopigwa fimbo kwa ajili yake nilijiona shahidi wa dini. Nilipomwambia shangazi kwamba nimepata kazi kwa mwandishi, alichambua mchele wake mpaka sinia ikaisha, kisha akaniuliza, "Na yeye kazi yake ni nini hasa?" Nikasema anaandika watu wanavyouawa. Akasema, "Na wewe utamsaidia kuwaua?" Tukacheka sote wawili.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya bucha karibu na soko. Ngazi zilinata mafuta. Dirisha moja lilitazama mlima, siku ukiamua kuonekana, na jingine lilitazama uani, kwenye makarai ya matumbo na vichwa vya mbuzi vilivyokuwa vikichomwa nywele. Harufu ya nywele za mbuzi zikiungua ndiyo harufu ya vitabu kwangu mpaka leo, nikiingia maktaba naisikia. Saa nne alipandishiwa supu ya kichwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu alisema hawezi kufikiria maiti na tumbo tupu. Alifyonza taya la mbuzi na kusema, "Andika, Zena. Mtu moja alikuwa amelala kwa mto, macho wazi," akachomoa mnofu kwenye jino kwa pembe ya muswada wake, akautazama, akaurudisha mdomoni. Vidole alijipangusia kwenye karatasi. Ugoro aliuvuta akapiga chafya juu ya mashine yangu, nami nikawa nafuta herufi kwa kitambaa nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Mbuzi wenyewe walichinjwa na jirani yetu wa Majengo, halali kabisa, lakini nani angeweza kula pale? Nilikaa dirishani na mandazi yangu mawili. "Wewe unaogopa nyama yangu," alinitania. "Kwani mbuzi yangu ni Mkristo?"

Nilicheka. Lazima niseme ukweli huo kabla ya kuendelea kumchafua: mwaka ule nilicheka sana. Aliposema "mtu moja" niliandika mtu mmoja, alipoanza sentensi akaiacha njiani kama mzigo uliomshinda, niliichukua mimi na kuifikisha, na jioni aliposomewa alipiga paja akasema, "Ona vile niko mkali!" Nikajiona ndiye niliye mkali. Jumamosi hakuwa na kazi ya kunisomea imla, alikwenda mazishini. Hakwenda kwa jamaa zake, alikwenda kwa watu asiowajua. Alisikia redioni matangazo ya vifo, akachagua, akavaa koti jeusi, akapanda gari mpaka Kianyaga au Murang'a, akaketi na waliofiwa. Kwetu huku mtu haulizwi mazishini yeye ni nani. Ukija umekuja kuomboleza, utapewa sahani na mahali pa kukaa. Alikula, akasikiliza wanawake wakinong'ona nyuma ya jiko, akaandika kwenye kidaftari ndani ya choo. Jumatatu alikuja na kidaftari kina mchuzi kwenye jalada, akapekua kwa kidole alichokilamba. "Hii ya Kianyaga ni tamu, Zena," alisema. "Aliangukiwa na gunia za kahawa, lakini ati bibi yake hakulia." Tamu! Mume wa mtu! Nami nikaweka karatasi mpya kwenye mashine.

Mvua za masika zilipokolea alikwama. Kitabu cha saba kilikuwa na maiti, kilikuwa na Inspekta na uji wake, lakini hakikuwa na kile kitu cha kumfanya msomaji aruke kitini. Wachapishaji wa Nairobi walikuwa wakimpigia simu dukani kwa Mhindi, naye akijificha. Alishindwa hata kumaliza supu. "Niko na mtu amekufa na hana siri," alinilalamikia. "Mtu kama huyo anazikwa tu, hakuna kitabu." Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma kwelikweli, nikawa nawaza njiani nikirudi nyumbani ni siri gani ningempa, kana kwamba siri ni vitunguu vya kuazimana.

Katika wiki hizo akafa Salima. Jina lake nimelibadilisha, na jino na mlango nitakavyovitaja si vyenyewe, maana nimejifunza, ingawa nimechelewa. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa ngozi, nyumba ya mlango wa kijani karibu na msikiti, mwanamke mpole mwenye jino moja la dhahabu lililoonekana akicheka, naye hakucheka sana. Miaka kumi ya ndoa bila mtoto. Wanawake wa Majengo walimwita tasa nyuma yake na wakati mwingine mbele yake, na kwenye shughuli za arobaini ya watoto walikipitisha kichanga juu ya mapaja yake bila kumpa, kama anayepitisha sufuria ya moto. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Tulimwosha watatu: shangazi, Bi Mgeni aliyekuwa akipasha maji, na mimi mwenye kata. Maiti huoshwa chini ya shuka, mkono unaingia, jicho linabaki nje, ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilimimina maji mengi mno upande mmoja, shuka likateleza, na tukaona. Kovu la kisu cha daktari, la zamani, limenyooka kutoka kitovuni kushuka. Tulijua sote watatu maana yake. Zamani, kabla ya mume huyu na kabla ya Nyeri, Salima alipasuliwa akazaa mtoto. Miaka kumi ameitwa tasa, akanyamaza, na mume naye, kama aliliona kovu, akanyamaza, kwa kuwa kujitetea kungemwangamiza zaidi. Shangazi alilirudisha shuka bila haraka, wala hakutazama uso wa yeyote kati yetu. Uani wakamuuliza, "Alikuwaje?" Akasema, "Safi," akaomba chai.

Kesho yake nilikwenda kazini. Gakunju aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli, pua zikamcheza. "Wewe unanuka kafuri," akasema. Hakuniuliza kitu, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka, kwa sababu Inspekta Ngata naye huwa haulizi. Alianza kunihadithia mama yake, jinsi alivyofariki yeye akiwa mdogo na wakakataa kumwonyesha. Ati mpaka leo hajui kama walimfanyia vizuri. Akataka kujua kwetu tunaanza upande gani, maji ni ya moto au baridi, nami nikamwambia, maana hayo si siri, yamo vitabuni. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini nyinyi hamwonangi kitu," akasema. "Mnamwaga maji tu na macho mmefunga. Hiyo si kazi ya mtu mwenye akili." Mdomo uliponza kichwa! Nikasema, "Hatuoni? Jana tumeona!" Likatoka lote, kuanzia shuka mpaka kovu, na tasa ambaye hakuwa tasa. Wala hakunikatiza. Hakuandika hata neno. Aliliweka chini taya la mbuzi taratibu, akatoa leso mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akajipangusa vidole kwa leso. "Kula mandazi yako, Zena," akasema.

Alinisomea imla ya ukurasa ule wiki iliyofuata, akitembea chumbani. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Hawa wamama wanaosha, nguo inaanguka, wanaona kwa tumbo iko alama ya mtoto." Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yake. Mengine ni yangu. Mvuke wa maji, majani ya mkunazi yanayogandama kwenye ngozi, mikono ya mwosha inayosita kisha inaendelea, ule ukimya, yote niliyatia mimi, kwa sababu nilikuwepo naye hakuwepo, na kwa sababu, Mungu anisamehe, nilipoanza nilinogewa. Ukurasa uliopigiwa makofi Mweiga niliuandika mimi. Niliuona mzuri. Niliusoma mara mbili nikitembea kurudi nyumbani. Nilijifariji kwamba jina amelibadilisha, na kweli alilibadilisha. Jino la dhahabu na mlango wa kijani akaviacha vilevile, nami nikavitaipu bila kosa la herufi hata moja.

Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka, jalada lina mwanamke aliyefunikwa sanda na mkono wa askari ukiinua pembe ya sanda. Fundi Athumani wa Majengo alikuwa na kawaida ya kusomea watu hadithi kwenye kibaraza chake, mguu ukikanyaga cherehani, na wanawake waliosubiri nguo zao wakimenya njegere. Nilikuwa nimekaa pale nikijivuna kimoyomoyo. Alipofika kwenye jino la dhahabu, mkono wa mwanamke mmoja ulisimama kwenye njegere. Alipofika kwenye mlango wa kijani, cherehani ikasimama. "Huyu si Salima huyu?" mtu akauliza. Athumani akaendelea kusoma polepole, kovu likaja, na mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumwita Salima tasa akacheka, kicheko chembamba cha puani, akasema, "Kumbe! Na vile alikuwa akitutazama kwa unyonge!" Wengine nao wakacheka. Nilitazama njegere zikiviringika sakafuni, nikainama kuziokota moja moja.

Shangazi alikuwa amepita njiani pale, akasikia. Alasiri hiyo alinikuta jikoni, akaketi kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani. Hakujua kusoma. "Lete kile kitabu chenu," akasema, "unisomee pale wanapoosha." Nikasoma, na nilipokaribia shuka nikafunua kurasa mbili mbele nikaendelea na Inspekta na uji wake. "Umeruka," akasema bila kuinua macho. Nikarudi, nikasoma lote. Alipekua mchele, akatupa kijiwe, akauliza, "Chumbani tulikuwa wangapi?" Nikasema watatu. "Mgeni tumemzika mwezi wa nane, na miezi yake ya mwisho alikuwa amepooza ulimi. Mimi huyo mwandishi simjui hata kwa sura. Nani amebaki?" Nikakifunga kitabu. Vitabu sita vya Inspekta Ngata na cha saba mkononi, na sikuwahi kukutana na mpelelezi kama yule mwanamke na ungo wake. Nilitaka anipige. Aliinuka, akaosha mchele, akaupika, na alipopakua aliniwekea sahani yangu mahali pake pa siku zote.

Mama yake Salima alikuja kutoka Murang'a siku ya tatu, kikongwe mwenye fimbo. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, majirani wakiwa wametoa vichwa, akasema maneno ambayo sijapata kuyasahau: "Rukia, mimi nilikukabidhi mwanangu akiwa uchi." Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua sasa ndiyo saa, shangazi atanyoosha kidole tu, au nitoke mwenyewe. Sikutoka. Shangazi alipiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa umri wake, akamshika yule bibi miguu, akasema, "Nisamehe, dada yangu. Ulimi ulinishinda." Ulimi ulimshinda! Yeye! Majengo nzima ikasikia. Yule bibi alimtazama, akatema mate kando ya kizingiti, akaenda zake. Mumewe Salima aliupaka ule mlango rangi nyeusi, na baadaye akahama kabisa. Na alipofariki mwanamke mwingine mtaani, wakamleta mwosha kutoka Nanyuki. Alipita mbele ya nyumba yetu na birika lake, na shangazi, aliyekuwa kibarazani akisuka ukili, akamwitikia salamu vizuri. Ndani alilichukua birika lake na kata na zile kanga, akavifunga pamoja, akavisukuma chini ya kitanda.

Nilikwenda kwa Gakunju asubuhi ya kwanza niliyouona mlango ule mweusi, nimepandwa na wazimu. Alikuwa na bakuli lake. Nikamwambia yote, mama wa watu, magoti ya shangazi, mlango mweusi. Alisikiliza kwa makini, na ilinichukua muda kugundua kwamba alikuwa akisikiliza kama anavyosikiliza mazishini. "Marehemu hasomangi, Zena," akasema. Nikamuuliza, na mama yake? "Kwani mama yake anajua kusoma?" Kisha akafyonza mfupa, akanitazama kwa upole, karibu niseme kwa huruma. "Wewe ulifikiria nilikuchukua kwa sababu ya taipu? Wataipu wamejaa hii Nyeri. Nilikuwa nataka mtu wa Rukia. Mazishi zote nimeenda, ya kanisa, ya nani, nimeingia kila mahali. Chumba yenu peke yake ndiyo nilikuwa sijaingia." Mafuta yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Akasogeza bakuli upande wangu. "Kunywa supu. Na hiyo ya mlango mweusi, ilipakwa siku gani?" Nilitoka mbio, na kwenye zile ngazi zinazonata nikatapika, nikatapika mpaka mwenye bucha akanipandishia ndoo ya maji. Sikurudi tena. Mashine yenyewe ilikuwa yake, lakini nilikiacha na kitambaa changu cha kufutia.

Shangazi hakulitaja jambo lile tena, si kwa hasira wala kwa msamaha. Watu wanasema muda huponya. Kwangu uliivisha tu. Kila sahani aliyoniwekea nilijua imewekwa na mwanamke aliyevunjiwa jina kwa ajili yangu, na nilipofikiri kusimama msikitini upande wa wanawake na kusema ni mimi, nilimwona Salima akifunuliwa tena, nikakaa. Labda huo ulikuwa woga uliovaa kanga ya heshima. Sijui, na nimezeeka bila kujua. Nilifundisha taipu miaka mingi, nikastaafu, na vitabu vya Gakunju vikawa vya shule, na kile cha saba kikasomwa na watoto wa majirani zangu kwa mitihani, wakanijia niwaeleze maana ya sanda. Nilikuwa nikiwaeleza, halafu naenda kunawa mikono.

Shangazi alipofariki, wanawake wa msikitini walikuja asubuhi, na mkubwa wao akaniita kando kwa uso wa mtu asiyependa ujumbe alioubeba. "Bi Rukia ameacha neno," akasema. "Zena amwoshe. Kata asiishike mwingine." Nikalivuta lile furushi kutoka chini ya kitanda. Kanga zilikuwa zimefuliwa, tena si zamani. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, mkono chini ya shuka na jicho nje, kama alivyonifundisha, na walionipashia maji walikuwa nyuma ya pazia. Na nilipomgeuza upande, mikono yangu iliyosahau kazi ikalivuta shuka, nikaona jambo ambalo sikulijua katika miaka yote tuliyoishi nyumba moja. Nikalirudisha shuka. Nikamaliza, nikatia kafuri, nikamvika sanda. Nilipotoka uani nimelowa viwiko, walikuwa wamekaa mikekani wananisubiri, wengine wao wakiwa mabinti wa wale waliocheka kibarazani kwa Athumani, na mmoja wao akauliza, "Alikuwaje?"

Nikasema, "Safi." Nikaomba chai.

Sasa yule kijana wa koti la kung'aa hakuyajua hayo. Alikuwa ameinama mbele yangu, kipaza sauti kinanikwaruza kidevu, hema zima limegeuka kunitazama, na yule msichana wa sekondari ameshika kitabu kifuani kama Kurani. "Shosho? Mzee alikuwaje?" Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea tu. Nikalitazama jeneza lililovishwa maua, nikakumbuka leso. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Huyu mimi sikumwosha."

Wakacheka. Emsii alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema shosho ana maneno huyu, hebu mpigieni makofi. Nikamrudishia kipaza sauti chake, nikatafuta pochi yangu, nikarudi Nyeri kabla chakula hakijapakuliwa. Nilinawa mikono, nikanawa tena siku zilizofuata, na leo nimekaa mezani, nimeanza kuandika haya.